Kioo Chepesi cha Mwalimu Huqa

Nakolong alikuwa amekwisha kuingiza ukanda wa filamu ya eksirei chini ya ukingo wa kioo, na sasa alikuwa akiusogeza kuelekea kulia huku mkono wa kushoto ukilizuia kalibu la glasi lisiteleze mezani. Hakuvuta. Alisukuma kidogo, akangoja, akasukuma tena. Kila aliposukuma, katikati ya vitu hivyo viwili ilitoka sauti ndogo, kama ya ulimi unapobanduka kwenye kaakaa. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumatano, jua ndiyo kwanza lianze kuyapasha mabati ya mtaa wa Bula Pesa, na mkono wake haukuwa na haraka yoyote, ingawa moyo ulikuwa nayo.

Mumewe, Ekidor, alisimama mlangoni na koti la kazi bado mwilini. Ndiyo kwanza arudi kutoka zamu ya ulinzi kwenye soko la mifugo. Alijua kwamba mkewe akibandua kitu hasemeshwi.

Ukanda ulipomaliza kuzunguka ukingo, kioo kiliachia. Nakolong alikipokea kwa viganja viwili, akakigeuza uso juu, akaenda nacho dirishani. Kilikuwa cheusi, kipana kama sahani ya wali, kimebonyea katikati kidogo mno hata mtu asiyejua angesema ni bapa. Alikiinamisha mpaka nondo za dirisha zikaonekana ndani yake. Nondo tatu zilikuwa zimenyooka. Ya nne ilikatikakatika. Upande ule, pale palipomwagiwa rezini ya mwisho, uso wa kioo ulikuwa na vishimo vidogo kama makovu ya ndui, kila kimoja na ukingo wake wa duara.

"Tena?" aliuliza Ekidor.

"Tena," alisema Nakolong.

Alikilaza juu ya kitambaa, kando ya mwenzake wa wiki iliyopita aliyekuwa na vishimo vile vile, kisha akafungua daftari lake akaandika tarehe, saa, na maneno mawili: vishimo, kushoto. Alipomaliza ndipo alipojiruhusu kuketi.

Mjini Isiolo watu walimjua Nakolong kama fundi wa matangi. Tangi la maji likipasuka, au boneti ya lori ikivunjika njia ya Garbatulla, aliitwa yeye na makopo yake ya rezini na vitambaa vyake vya faibaglasi. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kumtazama fundi mmoja mgeni akiziba tangi la msikiti, akaenda nyumbani akajaribu, akaharibu, akaandika alivyoharibu, akajaribu tena.

Kazi ya kioo ilimjia kwa sababu ya ngamia. Mwaka uliopita watu wa chuo kimoja cha Nairobi walikuwa wameipa shule ya Mwalimu Huqa darubini. Shule ya Mwalimu Huqa haina kuta. Inahama na mifugo huko mbele ya Merti. Ubao, vitabu na chaki hupakiwa juu ya ngamia, na mahali mifugo inapokunywa maji ndipo watoto wanaposoma. Darubini nayo ilipakiwa. Walipofika kituo cha kwanza, ngamia alipiga magoti kama ngamia wote wanavyopiga, ya mbele kwanza, kwa kishindo, na kioo cha glasi kilichokuwa ndani, kizito kama mtoto mchanga, kikapasuka vipande viwili kabla hakijaonyesha hata nyota moja.

Dakta Mungania, Mmeru mpole aliyeileta darubini ile, hakumlaumu ngamia. Alisema kosa ni la kioo. Yeye na wenzake walikuwa wakijaribu kutengeneza vioo vya aina nyingine, vya rezini iliyochanganywa na unga wa mirija ya kaboni, mirija midogo mno ambayo maelfu yake ikilazwa bega kwa bega haifikii unene wa unywele. Unga huo huipa rezini ukakamavu, isijikunje kwa joto la mchana wala kwa baridi ya alfajiri. Rezini hiyo unaimwaga juu ya kalibu la glasi lililosuguliwa mpaka likawa laini kama jicho, unaiacha igande, unaibandua. Sura ya kalibu imehamia kwenye kioo. Hakuna kusugua tena. Kinachobaki ni kukipaka utando wa aluminiamu ndani ya chombo kisicho na hewa, huko chuoni. Kioo kizima hakifikii uzito wa mkate. Ngamia akipiga magoti, kinatikisika tu.

Kwenye karatasi jambo lilikuwa jepesi. Mikononi mwa wanafunzi wa Mungania lilikataa, maana waliijua hesabu ya rezini lakini tabia yake hawakuijua. Mwalimu Huqa ndiye aliyemwambia kwamba Isiolo yuko mwanamke ambaye rezini humsikiliza. Mungania alikuja, akamkuta Nakolong amelala chali ndani ya tangi la lita elfu kumi, akamtazama kwa saa nzima, kisha akamkabidhi kalibu ambalo yeye mwenyewe alilisugua kwa miezi minane. Hakumwandikisha popote wala kumtaka cheti. Alimwachia kalibu, mashine ndogo ya kutetemesha rezini ili unga usifanye madonge, na pakiti tatu za unga mweusi, akamwomba asiuvute puani hata chembe.

Pakiti mbili zilikuwa zimekwisha. Moja ilibaki, na nyingine hazingekuja kutoka ng'ambo kabla ya mwaka mpya.

Hilo peke yake angeweza kulivumilia. Lakini Mwalimu Huqa alikuwa anastaafu. Muhula huu wa tatu ulikuwa wake wa mwisho, na wiki zilizobaki mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa miaka thelathini alikuwa amewachorea watoto sayari ya Zohali na pete zake kwa chaki, na yeye mwenyewe hakuwahi kuziona pete hizo. Hakulalamika. Alilitaja mara moja tu, kwa Mungania, kama mtu anayetaja kwamba hajawahi kufika Kisumu. Chombo cha kupaka aluminiamu kingefunguliwa Jumamosi hii, halafu kingefumuliwa kwa matengenezo mpaka Januari. Ili kioo kiwahi, kilipaswa kupanda basi la Nairobi Ijumaa adhuhuri.

Na Nakolong alikuwa na lake na Mwalimu. Miaka mingi nyuma, Mwalimu akifundisha Gotu, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto mgongoni, akipita na punda wa maji. Siku moja alisimama kusikiliza. Siku ya pili akasimama zaidi. Siku ya tatu Mwalimu, Mborana aliyekuwa na sababu zote za miaka ile za kumtazama Mturkana kwa jicho la pembeni, alitoka na kipande cha ubao uliovunjika na vijiti vitatu vya chaki, akavichomeka kwenye tandiko la punda, akarudi kwa wanafunzi wake bila neno. Yote ambayo Nakolong aliyajua leo kwa kuyasoma, kwenye makopo, kwenye simu, kwenye daftari lake mwenyewe, yalianzia kwenye tandiko lile.

"Mimi sisemi kitu," Ekidor alisema, akivua koti.

Mtu anayeanza hivyo ana la kusema, na Nakolong alingoja. Ekidor alieleza kwamba jana alfajiri, alipopita nyumbani mara moja katikati ya zamu, alimwona yule mama wa maziwa, jirani yao, akitoka uani kwao na ile ndoo ya kukorogea rezini chini ya shuka lake, akiwa anaangalia huku na huku. Baadaye kidogo alimwona akiirudisha. Na wiki iliyopita, siku ya kioo cha kwanza, aliona hivyo hivyo, akadhani macho yake yamechoka.

"Ndoo si ni yake?" Nakolong aliuliza.

"Ni yake. Lakini ilikuwa imelala kwetu. Unachukua kitu yako kwa siri na unairudisha kwa siri, ya nini?"

Nakolong alilivuta daftari karibu. Alijua swali kama hilo linakoelekea katika mji huu. Ilikuwako miaka ambayo swali kama hilo, likiulizwa na mtu wa upande mmoja juu ya mtu wa upande mwingine, lilitosha kuchoma nyumba. Khadijo, Msomali wa mtaa ule ule, alikuwa jirani yake kwa miaka kumi na mmoja. Ndoo ya stenlesi aliitoa mwenyewe, siku aliposikia kazi ni ya Mwalimu, kwa sababu mashine ya kutetemesha inataka chombo cha chuma, na madukani zilikuwepo za bati tu, zenye mafuta ya kiwandani yasiyotoka.

Alifungua daftari. Chini ya yale maneno vishimo, kushoto, aliandika mengine matatu, kila moja na alama yake ya kuuliza: kompresa, vumbi, ndoo. Hakulipa neno la tatu wino mzito kuliko mengine.

Kisha alipima. Pakiti ya mwisho hakuigusa. Alitumia rezini tupu, isiyo na unga, pamoja na dawa ya kugandisha haraka, na vipande vitatu vya glasi ya dirisha. Rezini ya kwanza aliikoroga ndani ya kikombe cha karatasi, akaitoa hewa kwa ile kompresa aliyoichomoa kwenye friji bovu, iliyokuwa inavuta pumzi kutoka ndani ya sufuria ya presha kwa mrija wa gesi. Kama kompresa inatema mafuta, yangeonekana. Ya pili aliikoroga ndani ya kikombe pia, lakini akaiacha wazi uani, upepo na malori viifanye vitakavyo. Ya tatu aliikoroga ndani ya ndoo ya Khadijo. Alimwaga kila moja juu ya kipande chake cha glasi, akaifunika ya kwanza na ya tatu, akaziweka zote juani, akaandika saa, akaenda kuosha vyombo vya chai.

Mwalimu Huqa alipiga simu vipande hivyo vikiwa bado vinanata. Alikuwa amepanda kilima ili apate mtandao, na upepo ulikuwa ukimla maneno. Aliuliza habari ya watoto wa Nakolong mmoja mmoja kwa majina, akaulizia mguu wa Ekidor, akaeleza kwamba mawingu yameanza kujikusanya upande wa Garbatulla lakini bado ni ya kujionyesha tu. Juu ya kioo hakuuliza kitu. Kule kutouliza kulimchoma Nakolong kuliko angeulizwa mara kumi.

Ilipofika saa tisa alasiri vipande vilikuwa vimekauka. Aliviinua kimoja kimoja kwenye mwanga. Cha kompresa kilikuwa safi kama maji. Cha vumbi kilikuwa na vipele, yaani vitu vilivyosimama juu ya uso, siyo vilivyozama. Cha ndoo kilikuwa na vishimo, vile vile, na ukingo wa duara.

Alichukua ndoo akaiinamia, akavuta pumzi. Moshi. Lakini kila kitu cha Khadijo kilinukia moshi: mitungi yake, shuka lake, mpaka noti alizorudisha chenji. Pua ya mtaa mzima ilikwisha kuuzoea. Nakolong mwenyewe alikuwa ameiosha ndoo ile kwa spiriti jioni kabla ya kila kazi, akaifunika. Alikaa nayo magotini kwa muda. Mtu mwingine angesimama hapo hapo na kwenda kuuliza kwa sauti. Yeye alingoja mpaka alipohakikisha kwamba anakwenda kuuliza kwa sababu hajui, siyo kwa sababu anadhani anajua.

Khadijo alikuwa kwenye kibanda chake cha maziwa ya ngamia, akifungua mitungi iliyofika na pikapu, anaonja tone kiganjani, anafunga.

"Salaam aleikum, Mama Ikra," alisema Nakolong.

"Habari yako, Mama Lokol," alijibu Khadijo. Ndivyo walivyosalimiana siku zote, kila mmoja akimpa mwenzake salamu ya nyumbani kwake.

Nakolong aliketi juu ya mtungi mtupu. Walizungumza kwanza juu ya joto, na juu ya harusi ya Ikra, binti wa Khadijo, iliyokaribia. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, kama kuna kitu ambacho ndoo hufanyiwa kabla ya kazi.

Khadijo alicheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya shuka. "Nani ameniona? Ni mzee yako, eh? Ule mtu haendi kulala?"

Akaeleza bila kuficha. Siku ya kwanza alipompa ndoo, alipita jioni akamwona Nakolong akiiosha kwa ile dawa inayonuka hospitali na kuifunika hivyo hivyo, mbichi, bila moshi. Alilala vibaya. Kwao moshi ndio unaosafisha chombo cha maziwa, na mtu hampi jirani chombo kisichofukizwa. Ni kama kumpa mtoto nguo aliyofia mtu. Kumwambia Nakolong aliona ni kumdharau, maana kila kabila lina vyombo vyake. Kwa hiyo alfajiri aliamka kabla ya adhana, akatia ndani kaa la moto na vijiti vya ejersa, mzeituni wa mwituni, akafunika, akatikisa, akapangusa kwa kitambaa safi, akairudisha. Na ya jana pia.

"Ya jana nilifukiza mara mbili," alisema. "Kazi ya Mwalimu si mchezo."

Nakolong alitazama mikono yake. Wiki mbili hizo alikuwa ameishtaki kompresa, akashtaki malori, akashtaki jua, akaishtaki na akili yake mwenyewe. Na kumbe muda wote huo kuna mtu alikuwa akikatisha usingizi wake kwa ajili ya kazi hii. Alijua kwamba akinyamaza atakuwa amemdanganya, na kwamba akisema atakuwa ameumiza.

Alisema. Alieleza kwamba moshi wa kuni una mafuta yake, membamba, hayaonekani, na kwamba rezini huyakimbia mafuta; pale penye tone dogo kuliko ncha ya sindano, hujivuta pembeni na kuacha shimo. Alisema yaliyokuwa ukutani mwa ndoo ndiyo yaliyomwagika mwisho, upande wa kushoto.

Khadijo alifunga mtungi aliokuwa ameushika. Aliukaza kifuniko zaidi ya ilivyohitajika.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni moshi, Mama Ikra."

"Moshi haikujipeleka." Akausukuma mtungi kando. "Viwili?"

"Viwili."

"Na imebaki unga ya ngapi?"

"Moja."

Nakolong aliharakisha kusema kwamba angeiosha ndoo tena, kwa spiriti nyingi, kwa mchanga, kwa sabuni ya mabomba. Khadijo alitikisa kichwa. Ndoo ile ilikuwa na miaka kumi ya moshi. Moshi ulikuwa umeingia kwenye kila mshono, na hata ukiisugua mpaka itoboke, itatoa moshi kwenye tundu. Aliingia nyuma ya pazia la kibanda, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na ndoo mpya ya stenlesi, bado ndani ya nailoni yake, ukubwa ule ule.

Nakolong aliijua ndoo hiyo. Mtaa wote uliijua. Iliagizwa Nairobi kwa ajili ya Ikra, aende nayo Garbatulla kwa mumewe, na moshi wa kwanza wa chombo cha bibi harusi hutiwa na mama yake, siku moja, kwa dua. Mpaka siku hiyo ifike, ndoo ile haikupaswa kuguswa na kitu.

"Hapana," alisema Nakolong. "Rezini ikiingia hapa, maziwa haitaingia tena. Hata siku moja."

"Najua."

"Ni ya msichana wako."

"Ikra nitamletea ingine. Muhula ya Mwalimu nitaagiza wapi?" Khadijo alimsukumia ndoo mapajani, akageukia mitungi yake. "Chukua, uende. Lakini usiniambie niiangalie ikiwa mbichi hivyo. Nasikia kama nimetoka nje bila shuka."

Nakolong hakuenda. Alikuwa amekumbuka jambo jingine, lililoandikwa katika daftari mara mbili kwa tarehe tofauti: kwamba kumwaga ndiko kulikomshinda zaidi. Ndoo ilikuwa nzito upande mmoja, na mkono wake, uliozoea brashi na miko, ulitikisika kila uzi wa rezini ulipokuwa mwembamba, ukaingiza hewa. Alikuwa ameketi mbele ya mwanamke ambaye kwa miaka thelathini alimimina maziwa kutoka mtungi hadi kipimo bila povu, kwa sababu povu likijaa kipimoni, aliyeuziwa amedhulumiwa, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia Khadijo neno hilo.

Alimwomba amimine yeye.

Khadijo alikataa palepale. Alisema mkono ulioharibu viwili haupewi cha tatu. Nakolong hakubishana; alisema tu kwamba ana rezini tupu nyumbani, ya kuchezea, na kikombe cha chuma, na kwamba kujaribu hakumwui mtu. Jioni ile, kabla ya magharibi, Khadijo alimimina mara tano juu ya glasi ya dirisha. Mara ya kwanza alimwaga kwa kasi ya maziwa, ikafurika. Mara ya pili akaelewa kwamba hii ni nzito kama samli. Ya tatu, ya nne na ya tano zilishuka kama uzi uliotundikwa, sehemu moja, bila kutikisika. Nakolong aliandika: mkono wa M.I., safi.

Alhamisi alfajiri Khadijo alikuja moja kwa moja kutoka kwenye sala. Ekidor alikuwa ameomba mwenzake amshikie saa ya mwisho ya zamu, na alikuwa akitundika blanketi mlangoni ili upepo usiingie. Alipomwona alisimama na msumari mdomoni, akautoa, akasema, bila kumtazama sawasawa, kwamba ni yeye aliyemwona na ndoo, na kwamba aliwaza vibaya, na kwamba hilo lilimkaa usiku kucha.

"Uliwaza nimeroga?"

Ekidor alikuna shingo.

"Baba Lokol, siku nikikuroga utajua. Utaamka unaongea Kisomali, unanibebea mitungi, unanidai siku ya kupumzika."

Ekidor alicheka mpaka msumari ukamtoka mkononi, na Nakolong, ambaye tayari alikuwa amefunga barakoa, alilazimika kuirekebisha tena usoni kabla ya kufungua pakiti.

Walifanya kazi kukiwa na ubaridi, maana jua likipanda rezini hukimbia kuganda. Nakolong alipima unga kwa mizani ndogo, akauingiza katika rezini kidogo kidogo, akikoroga kwa kuzunguka upande mmoja. Rezini ikawa kijivu, kisha nyeusi, kisha ikawa na weusi ambao hauna upande wa juu. Mashine ya kutetemesha iliimba kwa dakika arobaini. Ndoo mpya ilitoa mlio wa juu kuliko ile ya zamani, na Khadijo, aliyeapa kutoitazama, aliitazama muda wote huo, mkono wake ukifunguka na kujifunga kama unaotafuta kaa la moto. Baadaye kompresa ilivuta hewa. Mapovu yalipanda, yakajaa mpaka karibu na mdomo, yakapasuka moja moja, yakaisha.

Nakolong alilipangusa kalibu kwa nta mara ya mwisho, akalipuliza kwa pampu ya mkono, akasogea kando.

Khadijo alisema bismillahi. Akaikumbatia ndoo kwa kiwiko, kama anavyokumbatia mtungi, akaiinamisha mpaka ulimi mweusi ukaonekana kwenye mdomo wa ndoo, ukasita, ukashuka. Uzi ulikuwa mwembamba. Uligusa katikati ya kalibu na kubaki hapo hapo, na duara likaanza kujitandaza lenyewe kuelekea ukingoni, bila kukimbizwa. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Nje lori lilipita, kikombe kikalia mezani, uzi haukutikisika. Lilipofika funda la mwisho, Nakolong aliinua kidole, na Khadijo akaizuia ndoo bila kukung'uta, akaacha kilichobaki ukutani kibaki.

"Basi," alisema Nakolong.

"Basi?"

"Sasa ni kazi ya rezini yenyewe."

Walilifunika kalibu kwa beseni la glasi, wakalikazia kwa vipande vya mbao pande tatu. Nakolong aliinama, akatazama kwa upande, jicho likiwa sawa na meza. Uso wa rezini ulikuwa umetulia, na ndani yake ilionekana taa ya dari, nzima. Hilo halikumwambia lolote. Vile viwili navyo vilionekana hivyo saa ya kwanza. Vishimo huja baadaye, chini, upande uliolalia kalibu, rezini inapoanza kujivuta.

Khadijo aliuliza kama wangeweza kuchungulia adhuhuri. Nakolong alisema hapana. Jioni je? Hapana. Ikifunuliwa kabla haijakamilika, inapata ubaridi upande mmoja na kujikunja, na hapo Zohali itaonekana kama yai. Khadijo alikubali, akasema hata mimba haichunguliwi.

Walipatana juu ya kesho. Nakolong angebandua saa moja na nusu. Khadijo angekuja baada ya sala, safari hii kwa mlango, mchana kweupe. Kama kioo kingekuwa kizima, Ekidor angepigiwa simu, apitie stendi akitoka zamuni, amwambie dereva wa basi la adhuhuri asiweke mzigo wowote juu ya sanduku. Kama kingekuwa na vishimo, Nakolong ndiye angempigia Mungania, kisha angempigia Mwalimu, na angemwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, siyo kwa ujumbe. Hilo la mwisho hawakulizungumza sana.

Khadijo alipoondoka aliiacha ndoo pale ilipokuwa. Rezini nyeusi ilikuwa imeanza kukauka ndani yake.

Nakolong aliosha mikono kwa spiriti. Hakuomba kioo kitoke kizuri. Alihisi kwamba kuomba sasa ni kama kuchungulia. Alishukuru tu, mmoja mmoja, kama anavyoandika: aliyesugua kalibu kwa miezi minane akamwachia mtu asiye na cheti, anayelinda mifugo ya wengine usiku na kumtundikia blanketi asubuhi, aliyeamka kabla ya adhana mara mbili kumharibia kazi kwa heshima, na mara ya tatu kuisaidia. Na yule aliye huko mbele ya Merti, ambaye saa hii pengine alikuwa akifuta ubao.

Katika daftari aliandika saa ya kumwaga, joto la chumba, na jina kamili la Khadijo kwenye mstari wa fundi, chini ya lake. Mstari wa kubandua aliuandikia tarehe ya kesho, akauacha mtupu. Kisha alibeba makopo yake akaenda Kambi Garba, ambako tangi la zahanati lilikuwa likivuja tangu Jumatatu.

Ekidor alisogeza kiti chake karibu na blanketi, akakaa, akaanza kusinzia mguu mmoja ukiwa umezuia mlango.